Kitatange Mlinzi na Ghuba ya Matete

Nilizaliwa Masieda, katikati ya mashamba ya maharage na mahindi, na maji yenye kina niliyoyajua utotoni yalikuwa ya josho la ng'ombe. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu ninyi mnaoingia idara ya uvuvi siku hizi huniuliza nilivutwa na nini. Sikuvutwa. Niliomba mafunzo ya mifugo, nikapangiwa uvuvi. Baba alisema bila shaka wakubwa wana sababu zao, mama akanishonea sweta la kuvaa baharini, nikafunga sanduku.

Sweta lile halikutoka sandukuni. Baada ya chuo nilipelekwa kituo kidogo cha pwani upande wa Tanga, nyumba ya vyumba vitatu na banda la boti. Ilikuwa miaka ya themanini inakaribia kwisha, maduka yameanza kujaa tena sabuni na vitambaa baada ya ukame mrefu wa bidhaa, na kila mtu kituoni alikuwa na jambo la kununua mjini isipokuwa Bi Zaituni. Yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu wa matumbawe na ndiye niliyekabidhiwa kwake. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye sauti ndogo, na hakupenda kurudia maneno. Nilipomwamkia aliitika, akaniangalia miguuni, akauliza kama najua kuogelea. Nilisema hapana. Aliuliza kama naogopa. Nilisema ndiyo. Akasema basi tutaanza maji yakitoka, kwa sababu anayeogopa hasogeisogei ovyo, na kazi yake ilihitaji mtu wa kusimama.

Ndivyo nilivyoanza. Bahari ikijitenga na ufuko, tulitembea hadi kwenye mwamba mmoja ambao hata maji yakipungua kabisa ulibaki umezama usawa wa kifua. Tulivaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, tukainamisha nyuso. Nilitegemea kuonyeshwa kitu kikubwa. Alinionyesha samaki wa ukubwa wa kiganja.

Wavuvi wa pale walimwita kitatange, jina wanalowapa samaki wengi wadogo wa miambani. Huyu alikuwa na milia mitano myeusi iliyoshuka kutoka mgongoni hadi tumboni, na mgongo wa manjano kama ganda la ndizi mbivu. Mara nyingi wanakaa kundi zima juu ya mwamba, wanadokoa vitu vidogo vinavyopita na mkondo, wanashuka kula majani ya miambani, wanapanda tena. Ukiwaona hivyo unaweza kusema hawana kazi. Bi Zaituni aliniambia nisubiri majira yao ya kutaga.

Majira yalipofika, madume waliacha kundi. Kila mmoja alichagua sehemu yake ya mwamba, akaisafisha kwa mdomo, akaondoa uchafu na majani mpaka jiwe likawa tupu. Rangi yake ikabadilika, ule umanjano ukafifia, akawa wa samawati iliyoiva kiasi kwamba milia ilionekana kwa shida. Majike wakaja mmoja baada ya mwingine, wakataga, wakaondoka zao. Mayai yalishikamana na jiwe, madogo kuliko ulezi, mengi hata yakafanya doa la zambarau lenye upana wa sahani. Kuanzia hapo dume hakuondoka. Aliyapepea kwa mapezi ili maji mapya yapite, akaokota yaliyooza, na aliyekaribia alifukuzwa, awe samaki mkubwa kuliko yeye mara tano au awe afisa wa serikali. Niliumwa kidole. Hana meno ya kutisha kitatange, lakini kwa mtu wa Masieda ilitosha.

"Usimguse, wala usimsaidie," Bi Zaituni aliniambia tulipoinua vichwa. "Mwangalie tu. Utajua anamwogopa nani."

Aliwaogopa wale waliokuwa wakizunguka pembeni, samaki wengine wa rangirangi ambao kutwa nzima walijifanya wana shughuli zao. Walisubiri afukuze mmoja mbali kidogo, wengine waingie. Alijifunza kutofuata mbali. Siku chache baadaye, jua likishazama, mayai yalianguliwa na watoto wakachukuliwa na mkondo, na asubuhi jiwe lilikuwa tupu na dume amerudiwa na manjano yake. Mimi nilidhani huo ni upendo. Bi Zaituni alinisahihisha: dume huyohuyo akiona njaa hula baadhi ya mayai yake mwenyewe. Aliniambia nieleze anachofanya samaki, na nisimwekee moyo wa mtu ndani yake. Nimejaribu kufuata hilo kwa miaka yote, na mtaona hapa chini niliposhindwa.

Nilikaa pwani hadi nilipojua kuogelea, kushona wavu na kuendesha boti. Kisha ikaja barua ya uhamisho kwenda Hanang, kituo cha Basotu, kwa kuwa mtu fulani aligundua kwamba mimi ni mtu wa huko. Masieda na Basotu si jirani, lakini kutoka ofisini Dar es Salaam zilionekana hivyo.

Ziwa Basotu mnalijua, sina haja ya kulichora. Nilikuta mizani, baiskeli, mtumbwi uliopasuka na fomu za taarifa zilizoandaliwa kwa nchi nzima, zenye safu ya papa, safu ya kamba na safu ya pweza. Kila mwezi nilijaza "hakuna" katika safu hizo, nikazipeleka Arusha, na baadaye Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa nikazipeleka Babati. Fomu zilibadilika jina la mkoa juu. Papa wakabaki.

Samaki wetu walikuwa perege na kambare. Perege dume naye hutengeneza mahali pa kutagia, kibakuli anachochimba kwenye mchanga wa maji mafupi. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai mdomoni na kuondoka nayo, na muda wote wa kuyatunza hali, au hula kidogo sana. Karibu vibakuli vyote vya ziwa vilikuwa upande mmoja, kwenye ghuba yenye matete ambako viboko hawakupenda kukaa. Na ghuba hiyohiyo ndiyo ilikuwa rahisi kuvutia kokoro, ule wavu mrefu unaoburutwa kutoka majini hadi nchi kavu na kufagia kila kitu chini.

Nilipoanza kazi, kokoro lilikuwa moja na bovu. Biashara ilipofunguliwa, nyavu za bei nafuu kutoka nje zikaanza kuuzwa hadi mnadani Katesh, zenye matundu madogo ya kupita kidole kwa shida. Magari ya wanunuzi yakaja na masanduku ya barafu. Perege wakaanza kupungua ukubwa, mwaka hadi mwaka, hadi wakawa wanakaangwa wakiwa wa ukubwa wa kidole. Sheria ya kuzuia nyavu hizo ilikuwepo, na kutokana na sheria hiyo ndipo nilipokutana na Gidamis.

Gidamis alikuwa mtu mzima kunizidi, mrefu, mwenye kovu juu ya nyusi. Alizaliwa kwenye boma la ng'ombe, kwa watu ambao siku hizo hawakula samaki na waliwacheka wanaowala. Ng'ombe wake waliisha kwa ugonjwa. Akaingia ziwani ilhali hajui kuogelea, ndugu zake wakamsema, na yeye akaendelea. Kufikia miaka ile alikuwa mwenye kokoro kubwa kuliko yote, na wanaume waliovuta naye walitegemea mkono wake kulisha nyumba zao. Nilimwonya mara ya kwanza na ya pili, kwa adabu, maana ni mkubwa wangu. Alinisikiliza. Alisema anajua wavu unaumiza, lakini akiacha yeye wengine hawataacha, na wale wanaume watakula nini kesho yake.

Amri ikatoka wilayani kwamba makokoro yote yakamatwe na kuchomwa hadharani. Nilikuja na mgambo. Tulilikuta la Gidamis limeanikwa. Lilirundikwa mbele ya watu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa afisa, kiberiti nilikishika mimi. Nailoni ikiungua inatoa moshi mweusi na harufu inayokaa kwenye nywele. Gidamis alisimama akatazama mpaka mwisho, kisha akaondoka. Hakutukana mtu.

Kwetu, kama mnavyojua, salamu haikatwi kwa ugomvi. Siku iliyofuata nilikutana naye njiani, nikasema shikamoo. Alisema marahaba huku akitazama ziwani. Kwa muda mrefu sana baada ya hapo, karibu miaka miwili, hilo ndilo neno pekee tulilobadilishana. Nilimwamkia kila tulipopishana na aliitika kila mara. Wakati huo alikuwa ameshapata kokoro jingine, na mimi nilijua, naye alijua kwamba najua. Nilikuwa naandika taarifa na kusubiri mgambo ambao hawakuwa na mafuta ya gari.

Mkoa ulikuwa mpya bado wakati mradi mmoja ulipojitolea kuwapeleka wavuvi wa maziwa madogo ziara ya mafunzo pwani. Basotu tulipewa nafasi mbili, mbali na ya afisa. Mkutano wa kijiji ulimchagua Mama Paskalina, aliyekaanga na kuuza samaki ufukoni na aliyekuwa na sauti kuliko wanaume wengi. Wa pili walimchagua Gidamis. Nadhani walifanya hivyo makusudi, ili waone kama tutafika tukiwa wazima.

Tulisafiri kwa basi hadi upande uleule wa Tanga. Mama Paskalina alikaa katikati yetu na kuongea na pande zote mbili. Pwani tulionyeshwa soko, kiwanda cha barafu na mada nyingi ukumbini, ambazo Gidamis alizisikiliza akiwa amefunga macho. Siku ya mwisho ilikuwa wazi. Nikamwomba Bi Zaituni, ambaye nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe lakini kazi hajaiacha, atupeleke kwenye mwamba wake. Majira ya kutaga yalikuwa yameanza.

Maji yalikuwa ya kifua. Gidamis aliingia akiwa amekunja uso, mkono mmoja umeshikilia bega la Mama Paskalina. Alipofundishwa miwani na mrija aliinama, akainuka haraka, akainama tena, na mara hii hakuinuka. Dume alikuwa hapo na doa lake la zambarau, ameshakuwa wa samawati iliyoiva. Gidamis alisogeza kidole, akaumwa. Alitoa kichwa, akakitazama kidole chake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto alinisemesha.

"Huyu mdogo hivi ananipiga mimi?"

Nilimwambia ni baba, mayai ni yake. Aliuliza mama yuko wapi. Nilimwambia ameshaondoka, ndivyo wanavyoishi hawa. Akarudi chini. Alitazama kwa muda mrefu namna anavyopepea, anavyofukuza na kurudi, na wale wanaosubiri pembeni. Mama Paskalina alichoka, akaenda kukaa kwenye ngalawa iliyofungwa karibu, ambamo kijana mmoja wa kijiji alikuwa akivua kwa ndoano. Ndoano yake ilishuka kando ya mwamba. Kitatange aliiendea kama alivyoendea kidole, akaiuma, na kijana akamvuta juu na kumtia kikapuni. Ilikuwa haki yake. Anavua hapo kila siku, kwa ndoano moja, kwa ajili ya mboga ya nyumbani.

Nilikuwa nimesoma kitakachofuata lakini sikuwa nimekiona. Wale wa pembeni hawakungoja. Waliingia wote kwa pamoja, wakafunika lile doa kama kuku wanavyofunika mtama uliomwagika, na ukingo wa zambarau ukaanza kuliwa kuelekea katikati. Gidamis alinyoosha mikono yote miwili akaifunika ile sehemu iliyobaki. Samaki wakarudi nyuma kidogo. Wakamzunguka, wakagonga vidole vyake, wakapenya pale alipoacha nafasi, naye akabana vidole.

Tulidhani ataacha. Hakuacha. Maji yalikuwa yameanza kurudi, na mtu huyu hakujua kuogelea. Bi Zaituni alimgusa bega, akamwambia bahari inajaa. Alitikisa kichwa chini ya maji. Nilimshika mkono, akanisukuma kwa kiwiko bila hasira, kama unavyomsukuma mtu anayekuzibia mwanga. Maji yalifika mabegani. Mama Paskalina alisimama kwenye ngalawa akamwita kwa sauti ya chini, ile anayotumia kwa mgonjwa.

"Baba, maji yamefika shingoni."

Aliinua uso, mrija umemtoka mdomoni. "Nikiondoa mikono, watayala."

"Watayala," alisema Bi Zaituni. "Na wewe ukibaki, hutaweza kupepea. Yatakufa hivyohivyo. Toka."

Ndipo alipoondoa mikono. Hakutazama chini tena. Mimi nilitazama, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na jiwe lilikuwa tupu kabla hatujafika maji ya magoti.

Ufukoni alikaa mchangani akakausha uso kwa shati. Mikono yake ilikuwa imejikunja kwa baridi. Baada ya muda alimuuliza Bi Zaituni, kwa heshima sana, kama yule kijana wa ndoano amefanya kosa.

"Hapana," alisema. "Amepata mboga. Huko chini wapo madume wengine na wengine. Kosa ni pale mwamba wote unapokosa dume hata mmoja."

Niliyafikiria mayai yale kama ningefikiria watoto wa jirani, kinyume cha yote niliyofundishwa, na mwalimu wangu akiwa amekaa hapohapo. Aliniona. Hakunisahihisha.

Kwenye basi la kurudi Gidamis alikaa dirishani. Tulipopita Babati na kuuona mlima Hanang mbele yetu, alimwomba Mama Paskalina abadilishane naye kiti, akaja kukaa karibu nami. Aliuliza perege wetu wanachimba miezi gani hasa. Nilimweleza, mvua za kwanza na baada yake, maji yakipata joto. Aliuliza kama kokoro linafukia vile vibakuli. Nilisema linafukia, na mama mwenye mayai mdomoni akiburutwa huyatema. Tukiwa tunashusha mizigo Katesh alisema, "Miezi hiyo, ghuba ya matete nitaikalia mimi."

Aliwaita wanaume wake. Sikualikwa, nilisimuliwa. Aliwaambia kokoro halitaingia ghubani miezi ya kutaga, wavue kwa nyavu za matundu makubwa upande wa kina. Wawili walimwacha siku hiyohiyo wakaenda kwa mwenye kokoro mwingine. Waliobaki walivumilia njaa ya msimu ule, na msimu wa pili, na sitaki mtu aandike kwamba ilikuwa rahisi. Gidamis alijenga kibanda cha matete penye mdomo wa ghuba, akalala humo. Alipigwa mara moja na watu wa ng'ambo ya ziwa, akavunjwa mkono, ukaunga vibaya. Serikali ya kijiji ilitunga sheria ndogo baada ya tukio hilo, na mimi nikapata kitu cha kusimamia kilichotoka kwa wenyewe. Sikuwahi tena kuhitaji mgambo upande ule. Perege walianza kurudi ukubwa wa kiganja, na Mama Paskalina aliacha kukaanga vidole.

Halafu ukaja ukame. Miaka yangu ya mwisho kazini ziwa lilirudi nyuma mpaka ghuba ikakatika, likabaki dimbwi la tope lililojaa samaki wanaohema juu juu, na ng'ombe wakaanza kunywa humo. Kijiji kilikutana. Hoja ilikuwa moja na ilikuwa ya haki: watakufa wote, bora waliwe. Hata mimi, mnisamehe, niliona hivyo. Gidamis alisimama akasema waliwe, lakini kila jike mwenye mdomo uliovimba atolewe kwanza, apelekwe maji makubwa. Watu walilalamika juu ya jua na umbali. Akasema ataanza yeye, akavua shati.

Tulibeba kwa ndoo na madumu yaliyokatwa, kutoka kwenye tope hadi maji ya kina, tukiwa tumezama magotini. Wanawake walikuwa wepesi kutambua midomo iliyovimba kuliko maafisa waliokuja kutoka Babati, maana wamewapasua maelfu jikoni. Wengi walikufa ndani ya ndoo. Wengine walizama wakaenda, hatukujua waliishia wapi. Jioni kijiji kizima kilikula perege, na Gidamis naye alikula.

Mvua zilirudi mwaka niliostaafu. Ghuba ilijaa, matete yakachipua, na katika maji mafupi vikaonekana vibakuli vichache, si vingi. Sijui kama ni vya watoto wa wale tuliowabeba. Ningependa kusema ndiyo, lakini hakuna aliyewawekea alama.

Wiki ya makabidhiano alikuja kijana aliyechukua nafasi yangu, mhitimu, suruali imenyooshwa vizuri. Nilimpa mizani, funguo za stoo na fomu, ambazo hadi leo zina safu ya papa. Aliniuliza ghuba ile inasimamiwa na nani, kwa kuwa kwenye ramani ya wilaya haina jina. Nilimpeleka kwa Gidamis. Kijana alimwamkia, Gidamis akaitika, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwambia avue viatu. Nikawaacha wakiingia majini, mzee mbele na mkono wake uliounga vibaya, kijana nyuma akiwa amekunja suruali, nami nikaenda kuwahi basi.